Kofia Nyekundu ya Makardinali: Chimbuko Lake katika Karne ya 13

Miongoni mwa mavazi ya kichwa yaliyozaliwa Ulaya katika Zama za Kati, ni machache yaliyopewa uzito wa kisheria na wa kidini kama kofia nyekundu ya makardinali wa Kanisa Katoliki, ambayo Waitalia huiita galero. Ilikuwa kofia ya pama, yenye ukingo mpana wa mviringo, utosi mfupi, na kamba mbili zilizofungwa chini ya kidevu au kuachwa zining'inie kifuani, zikiishia kwa vishada vya nyuzi. Umbo hilo halikubuniwa kwa ajili ya makardinali, kwa kuwa lilikuwa likivaliwa na wasafiri wa kila namna muda mrefu kabla yao; kilichokuwa kipya ni rangi, pamoja na uamuzi wa kuligeuza vazi la njiani kuwa alama ya cheo. Uamuzi huo ulifanyika mwaka 1245 katika mji wa Lyon, Papa akiwa ugenini na adui yake akiitawala sehemu kubwa ya Italia, na mtu anayeitazama kofia hiyo bila kukumbuka vita vile huona fahari tu, akakosa sababu iliyoizaa.

Kardinali, kwa asili yake, alikuwa mmoja wa viongozi wa kanisa la mji wa Roma wenyewe. Walikuwapo makardinali maaskofu, walioshika majimbo madogo yanayouzunguka mji huo. Makardinali mapadre, waliopewa makanisa ya kale ya mjini. Na makardinali mashemasi, ambao kazi yao ilitokana na huduma kwa maskini na kwa nyumba ya Papa. Mwaka 1059 Papa Nikolasi II alitoa amri iliyowapa nafasi ya kwanza katika kumchagua Papa, ili uchaguzi huo uondoke mikononi mwa watu wa koo kubwa za Roma na wa makaisari wa Ujerumani, na mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu ulioitishwa na Papa Aleksanda III, ukaamua kwamba mteule lazima apate theluthi mbili za kura zao. Hivyo kufikia mwanzo wa karne ya 13 kundi dogo la watu, ambalo mara nyingi halikufika 20, lilikuwa na uwezo ambao hakuna askofu mkuu wa Toledo wala wa Canterbury aliyekuwa nao. Hata hivyo hawakuwa na vazi lililowatambulisha. Kardinali shemasi akikutana njiani na askofu mkuu, haikuwa wazi ni nani ampishe mwenzake, na jambo hilo, ambalo kwa msomaji wa leo laweza kuonekana dogo, lilikuwa zito katika jamii iliyoisoma heshima ya mtu katika nguo, kiti na mahali pake kwenye msafara.

Kofia ya pama yenyewe ilitoka barabarani. Mahujaji waliokwenda kwa miguu Roma, Yerusalemu au Santiago de Compostela, wafanyabiashara, wajumbe na wachungaji wa kondoo walivaa kofia pana za majani makavu au za sufu iliyoshindiliwa kwa maji ya moto mpaka ikashikamana pasipo kufumwa, na ukingo wake uliwakinga na jua la kiangazi na mvua ya baridi. Kamba ya kidevuni ilizuia upepo usiichukue kofia, tena ilimwezesha mwenyewe kuisukuma mgongoni anapoingia kanisani au anapomsalimu mkubwa wake. Ili kamba iweze kukazwa na kulegezwa ilihitaji fundo, na katika fundo hilo, lililopambwa kidogo kidogo kadiri miaka ilivyopita, ndimo vilimotoka vishada ambavyo baadaye vilikuja kuhesabiwa kwa uangalifu ili kubainisha daraja la mtu. Makardinali walizivaa kofia za aina hiyo kwa sababu ile ile waliyozivaa watu wengine, kwani kazi yao iliwaweka safarini siku nyingi: walitumwa na Papa kuwapatanisha wafalme, kuhukumu kesi za maaskofu na kuhubiri vita vya msalaba.

Rangi nyekundu nayo ilikuwa na historia ndefu zaidi, na historia hiyo ilikuwa ya kisiasa. Katika Dola la Kirumi, na baadaye katika Dola la Bizanti ambalo mji wake mkuu ulikuwa Konstantinopoli, vazi la rangi ya zambarau na nyekundu lilikuwa la kaisari. Katika karne ya 8 ilitungwa hati ya kughushi iliyodai kwamba Kaisari Konstantino alimkabidhi Papa Silvesta mavazi na alama za kifalme pamoja na utawala wa nchi za magharibi. Uongo wake ulithibitishwa na mwanazuoni Lorenzo Valla mwaka 1440, lakini kwa karne kadhaa kabla ya hapo watu wengi waliiamini na mapapa waliitumia. Papa Gregori VII, katika orodha ya haki za upapa iliyoandikwa mwaka 1075, alitaja kwamba ni Papa peke yake awezaye kutumia alama za kikaisari, na joho jekundu alilovikwa Papa mpya mara baada ya kuchaguliwa likawa dalili ya kwamba ameshika madaraka. Balozi aliyetumwa mbali kwa niaba yake aliweza kuruhusiwa kuvaa rangi hiyo, kwa hoja kwamba anayemwona balozi anamwona aliyemtuma. Kardinali Pelagius, askofu wa Albano, alipofika Konstantinopoli mwaka 1213, baada ya mji huo kutekwa na wapiganaji wa vita vya msalaba, mwanahistoria wa Kigiriki George Akropolites aliandika kwa uchungu kwamba mtu huyo alivaa nyekundu kuanzia viatu hadi nguo, hata tandiko na hatamu za farasi wake zilikuwa nyekundu. Wagiriki walikuwa na sababu ya kuchukia, kwa kuwa waliona rangi ya kaisari wao ikiwa mwilini mwa mgeni.

Nyekundu ya Pelagius, hata hivyo, ilikuwa ya safari ile tu. Ili ipate kuwa ya makardinali wote na ya kudumu, ulihitajika ugomvi mkubwa kati ya upapa na Kaisari Frederick II, mtawala wa Ujerumani na wa ufalme wa Sisilia, ambaye milki zake ziliikaba Roma kutoka kaskazini na kusini. Mwaka 1239 Papa Gregori IX alimtenga na Kanisa, na mwaka 1241 alipowaita maaskofu Roma kwa mtaguso, Frederick alikataa kuwapisha. Meli za Genoa zilizowabeba maaskofu hao zilivamiwa na meli za Kaisari na za Pisa karibu na kisiwa cha Giglio tarehe 3 Mei 1241. Maaskofu wengi walitiwa kifungoni, na pamoja nao makardinali wawili, Giacomo da Pecorara na Otto wa Montferrat. Miezi michache baadaye Gregori IX alifariki, na makardinali wachache waliobaki Roma wakafungiwa na seneta Matteo Rosso Orsini katika magofu ya jengo la kale liitwalo Septizodium, ndani ya joto na uchafu, ili walazimike kuchagua upesi. Mmoja wao, Mwingereza Robert wa Somercotes, alikufa humo ndani. Aliyechaguliwa, Selestini IV, aliishi siku 17 tu akiwa Papa, na kiti kikakaa wazi hadi Juni 1243, ndipo alipochaguliwa mwanasheria wa Genoa, Sinibaldo Fieschi, akajiita Inosenti IV.

Matukio hayo yanapaswa kuwekwa mbele ya msomaji kabla ya kuitaja kofia, kwa sababu ndiyo yaliyowafundisha watu wa wakati ule kwamba ukardinali ni kazi ya hatari. Inosenti IV mwenyewe hakukaa salama Roma. Mwezi Mei 1244 aliwateua makardinali wapya, kisha katika kiangazi cha mwaka huo huo, akihofia kukamatwa, alitoroka usiku kutoka Sutri mpaka pwani, akapanda meli za ndugu zake wa Genoa, na baada ya kuugua njiani na kuvuka milima ya Alpi aliwasili Lyon mwezi Desemba. Mji huo ulihesabiwa kuwa chini ya Dola la Kaisari, lakini kwa hakika ulitawaliwa na askofu mkuu wake, tena ulikuwa hatua chache tu kutoka nchi ya mfalme wa Ufaransa. Hapo ndipo alipoitisha mtaguso, na tarehe 17 Julai 1245, mbele ya maaskofu waliokusanyika, alimtangaza Frederick II kuwa ameondolewa kwenye ukaisari.

Habari ya kofia imo katika wasifu wa Inosenti IV ulioandikwa na Niccolò da Calvi, aliyekuwa kasisi wa nyumbani mwake na muungamishi wake, yaani mtu aliyekuwa karibu naye kuliko waandishi wengi wa wakati ule. Anaeleza kwamba Papa aliamua katika mtaguso huo kwamba makardinali wavae kofia nyekundu, na kwamba walizivaa kwa mara ya kwanza huko Cluny, monasteri kubwa ya Burgundy, Papa alipokwenda kuonana na Mfalme Louis IX wa Ufaransa. Maana aliyoitoa ilifungamana na hali ya wakati: rangi iliwakumbusha makardinali kwamba wawe tayari kumwaga damu yao kwa ajili ya Kanisa lililokuwa likiteswa na Kaisari.

Wako wanahistoria wanaoyachukulia maneno hayo kama pambo tu, wakiona kwamba lengo la kweli lilikuwa kuwapa makardinali rangi ya kikaisari ili wasionekane wadogo mbele ya mfalme na maaskofu wa Ufaransa. Hoja yao ina nguvu, hasa ikizingatiwa kwamba kofia zilionyeshwa kwanza kwenye mkutano na mfalme. Lakini kuitenganisha heshima na hatari ni kuyapima mambo ya mwaka 1245 kwa mizani ya karne nyingine. Wanaume walioketi Lyon walikuwa na wenzao waliokamatwa baharini, waliona mwingine akifa kwa kufungiwa, na Papa wao alikuwa mkimbizi. Kwao damu haikuwa tamathali ya usemi, na nyekundu ile ile iliyomwambia Kaisari kwamba hana peke yake haki ya rangi hiyo ndiyo iliyowaambia wao gharama ya kuivaa.

Kofia ilienea upesi, na ilichangamana na watu ambao kwa nadhiri zao walikuwa wameukataa ukuu wa dunia. Mdominiko wa kwanza kuwa kardinali, Hugh wa Saint-Cher, aliyeteuliwa mwaka 1244, alikuwamo katika kundi la kwanza lililohusika na uamuzi wa Lyon. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1352, mchoraji Tommaso da Modena alipowachora Wadominiko 40 mashuhuri kwenye kuta za ukumbi wa watawa wa Treviso, alimwonyesha Hugh akiwa mezani anaandika, kofia pana ya kikardinali kichwani juu ya vazi la shirika lake, na miwani puani. Picha hiyo ndiyo ya kale zaidi ijulikanayo inayoonyesha miwani. Inadhihirisha pia jinsi kofia ilivyovaliwa: ilipachikwa juu ya kofia-joho ya kitawa, wala haikuchukua mahali pake. Kwa Wafransisko kuna simulizi ya Bonaventura, mwanateolojia na mkuu wa shirika hilo, aliyefanywa kardinali na Papa Gregori X mwaka 1273. Inasimuliwa kwamba wajumbe walipomfikia katika konventi ya Mugello karibu na Florence, walimkuta akiosha vyombo, naye akawaomba waitundike kofia kwenye mti hadi amalize kazi yake. Simulizi hiyo, iwe imetiwa chumvi au la, ilipendwa na Wafransisko kwa kuwa ilijibu swali lililowasumbua kwelikweli: je, mtu aliyeapa ufukara anaweza kupokea kofia hiyo na bado akabaki ndugu mdogo? Bonaventura alifariki mwaka uliofuata, 1274, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Lyon, akazikwa katika mji ule ule ambamo kofia ilianzia.

Katika karne ya 15 kofia ilifikia kilele cha nguvu zake za kisheria. Papa Martin V alimteua Domenico Capranica kuwa kardinali, lakini alifariki Februari 1431 kabla Capranica hajafika Roma kupokea kofia yake kwa mikono ya Papa. Makardinali waliokuwa wakijiandaa kumchagua Papa mpya walimzuia kuingia, wakisema kwamba uteuzi bila kukabidhiwa alama za cheo haujakamilika, na mteule, Eugeni IV, akakubaliana nao. Capranica aliyekataliwa alikwenda kudai haki yake katika Mtaguso wa Basel, akimchukua kijana wa Siena, Enea Silvio Piccolomini, kuwa katibu wake. Baadaye alipatanishwa na Eugeni IV akatambuliwa. Kesi yake inaonyesha kwamba kwa muda fulani kura ya kumchagua Papa ilitegemea iwapo pama fulani imewahi kuwekwa juu ya kichwa fulani. Eugeni IV huyo huyo, mwaka 1439, ndiye aliyelimaliza lile swali la kale la nani atangulie, alipoamua katika ugomvi kati ya John Kemp, askofu mkuu wa York aliyefanywa kardinali, na Henry Chichele, askofu mkuu wa Canterbury, kwamba kardinali yuko juu ya maaskofu wakuu wote.

Rangi yenyewe ilikuwa bidhaa ya thamani kubwa. Nyekundu bora ya Zama za Kati ilitokana na wadudu wadogo wanaokaa kwenye vichaka vya mwaloni kando ya Bahari ya Kati, ambao walikusanywa kwa mkono, wakakaushwa na kusagwa. Ili rangi ishike kwenye sufu isichuje, mtia rangi alihitaji shabu, chumvi ya mawe ambayo kwa sehemu kubwa ilinunuliwa kutoka Asia Ndogo. Waturuki walipoiteka Konstantinopoli mwaka 1453, biashara ya shabu ikawa mikononi mwao, na zambarau ya kikaisari iliyotokana na konokono wa baharini ikatoweka. Mwanzoni mwa miaka ya 1460 Giovanni da Castro aligundua shabu nyingi katika milima ya Tolfa, ndani ya nchi ya Papa, na aliyepelekewa habari hiyo alikuwa Papa Pio II, ambaye si mwingine ila Piccolomini, yule katibu wa zamani wa Capranica. Mrithi wake, Paulo II, aliyechaguliwa mwaka 1464, ndiye aliyewapa makardinali nyekundu ya wadudu hao kwa mavazi yao mengine, ikiwemo bireta, ambayo ni kofia ndogo ya pembe inayovaliwa kanisani. Kwa hiyo kofia ya pama ilitangulia: kwa zaidi ya karne mbili ilikuwa nyekundu ilhali majoho hayakuwa na rangi moja.

Wachoraji wa wakati huo walifanya mengi kuifikisha kofia machoni pa watu ambao hawangemwona kardinali maishani mwao. Walimchora nayo hata Mtakatifu Yeronimo, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini aliyefariki mwaka 420, miaka zaidi ya 800 kabla ya uamuzi wa Lyon, kwa sababu aliwahi kumsaidia Papa Damaso na watu wa Zama za Kati walidhani kwamba msaidizi wa Papa hana budi kuwa kardinali. Antonello da Messina aliilaza kofia kwenye benchi nyuma ya msomi huyo, na Albrecht Dürer, katika nakshi yake ya mwaka 1514, aliitundika ukutani juu ya kichwa chake. Kosa hilo la tarehe linafunza jambo: kufikia wakati huo watu hawakuweza tena kuufikiria ukardinali bila kofia.

Lakini kadiri ilivyoheshimiwa, ndivyo ilivyoacha kuvaliwa. Utosi ulizidi kushuka na ukingo kupanuka, mpaka kofia ikawa bapa kama sinia na isiyofaa kwa jua wala mvua. Papa aliishika juu ya kichwa cha kardinali mpya katika konsistori, yaani kikao rasmi cha makardinali, kisha ikahifadhiwa isionekane tena hadi siku ya mazishi, ilipowekwa karibu na jeneza na baadaye kutundikwa darini juu ya kaburi, ikaachwa hapo mpaka ioze. Kofia za namna hiyo zingali zikining'inia katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York. Maana ya damu nayo haikufa. Mwezi Mei 1535 Papa Paulo III alimteua John Fisher, askofu wa Rochester, aliyekuwa gerezani kwa kukataa kumtambua Mfalme Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Kofia yake haikuvuka Calais, na tarehe 22 Juni alikatwa kichwa.

Pengine uhai mrefu zaidi wa kofia hiyo umekuwa katika nembo. Ilichorwa juu ya ngao ya kardinali, na kutoka kwake wakachukua maaskofu, mapadre na wengine, wakibadili rangi na idadi ya vishada: askofu kofia ya kijani yenye vishada 6 kila upande, askofu mkuu 10, na kardinali nyekundu yenye 15, hesabu ambayo ilithibitishwa mwaka 1832. Kofia ya kijani inayoonekana juu ya nembo za maaskofu wa Mombasa, Bukoba au Kigoma ni uzao wa ile ya Lyon.

Afrika Mashariki iliifikia kofia yenyewe ikiwa karibu kuondoka. Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimteua Laurean Rugambwa, askofu wa Rutabo katika Tanganyika, kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi katika nyakati hizi, na siku tatu baadaye alimkabidhi kofia nyekundu katika Basilika la Mtakatifu Petro. Tarehe 31 Machi 1969, kwa maelekezo yaliyotolewa kwa idhini ya Papa Paulo VI, kofia hiyo ilifutwa katika ibada, na bireta ikashika nafasi yake. Maurice Otunga wa Nairobi mwaka 1973, Emmanuel Nsubuga wa Kampala mwaka 1976, Polycarp Pengo wa Dar es Salaam mwaka 1998 na Antoine Kambanda wa Kigali mwaka 2020 walisomewa maneno yale yale ya kuwa tayari kumwaga damu, lakini katika nchi hizi aliyeipokea pama ya Inosenti IV ni Rugambwa peke yake.